Tuliuza mtumbwi wa baba akiwa wodini

Baba alirudi kutoka hospitali Dodoma mguu wake wa kulia ukiwa umekatwa chini ya goti. Tulimkalisha kwenye kiti chini ya mwarobaini, majirani wakaja kumpa pole, mama akaleta uji. Watu walipopungua, baba akaangalia ukuta wa nyuma ya jiko, mahali ambapo mtumbwi wake hulala kifudifudi kila kiangazi.

“Mtumbwi uko wapi?”

Kaka akaniangalia mimi. Nyumbani kwetu maswali magumu hujibiwa na aliyesoma.

“Tumeuuza, baba. Tulihitaji hela ya dawa na nauli.”

Ulikuwa ukweli nusu. Hela tuliihitaji kweli, na laki mbili na nusu tuliyopata ilisaidia. Lakini tungeweza kuuza mbuzi. Tuliuza mtumbwi ili asiurudie tena. Mimi na kaka tulikubaliana hivyo kwenye simu, tukamweleza mama jambo likiwa limeshaisha.

Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na upondo?”

Upondo ni ule mti mrefu anaosukumia mtumbwi. Mnunuzi hakuutaka, hivyo ulikuwa umebaki nyuma ya jiko. Nikamwambia upo.

“Haya,” akasema, akamalizia uji wake.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa wa kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwa sababu sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akaumia asisikie. Nimeandika pia kwamba mishipa midogo ya damu huziba, kidonda kikawa kigumu kupona. Wakati makala ya mwisho ya namna hiyo inatoka gazetini, baba yangu alikuwa na kidonda cha wiki tatu ndani ya buti la mpira. Hakikumuuma, kwa hiyo hakusema. Nilipopigiwa simu, vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Kwa hiyo alipotoka hospitali sikuwa tayari kusikia habari ya maji. Nilijiona nilichelewa mara moja, na sikutaka kuchelewa tena.

Kwa msomaji asiyeijua Manyoni, wilaya yetu ni kavu. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na watu wengi wanaishi kwa alizeti, mtama, uwele na mifugo. Lakini sisi tuko upande wa Kintinku, chini ya miinuko ya Kilimatinde, ndani ya Bonde la Ufa. Huku chini kuna Sulunga, eneo la maji tunalochangia na wenzetu wa Wilaya ya Bahi. Wengine huliita bwawa, wengine ziwa, wengine mbuga ya Bahi, na wote wako sahihi kulingana na mwezi waliokuja. Mto Bubu na mito mingine midogo huleta maji, na hakuna mto unaoyatoa. Yanayoingia huishia kwa jua. Mwaka wa mvua nyingi unaona maji hadi macho yanachoka. Mwaka wa ukame ng'ombe wanachunga palepale, na kambale wanajichimbia kwenye tope kusubiri.

Kwa sababu hiyo, mvuvi wa Sulunga hana ufukwe wa kudumu kama mwenzake wa Mwanza. Leo maji yako hapa, baada ya wiki mbili yamerudi nyuma mwendo wa robo saa, na katikati ameachiwa tope. Mtumbwi lazima uhame pamoja na maji. Ule wa baba ulikuwa gogo lililochongwa, na kuuvuta kulihitaji wanaume wanne. Enzi zake baba alikuwa mmoja wa hao wanne.

Desemba alipata mguu bandia. Ulitugharimu ng'ombe wawili. Alijifunza kuutumia haraka kuliko tulivyotarajia, akawa anakwenda msikitini na kurudi bila magongo. Mvua zikaanza. Kila jioni alikaa akitazama upande wa Sulunga, na kila nilipopiga simu kutoka kazini nilimkumbusha kwamba maji hapana. Alikuwa anajibu, “Sawa, mama.” Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na neno hilo kwake huwa na heshima. Siku hizo nililisikia kama mlango unaofungwa.

Asubuhi moja ya Januari mama aliamka, akakuta kitanda kitupu. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuomba nafasi kwenye mtumbwi wa rafiki yake. Hakufika. Alipoingia kwenye tope, mguu bandia ulizama hadi juu ya kifundo. Alipojaribu kuuvuta, kigutu kikachomoka, mguu ukabaki chini. Akakaa. Hakuwa na la kushikilia. Wafugaji waliokuwa wakipeleka ng'ombe maji walimkuta jua limeshapanda, ameloa tope hadi kiunoni, anatetemeka, hajala chochote na dawa za sukari alishameza. Walimpa maziwa yaliyokuwa kwenye kibuyu chao. Bila kujua walifanya jambo sahihi kabisa, maana mtu aliyemeza dawa ya kushusha sukari akakaa na njaa anaweza kuzimia. Kisha wakaufukua mguu, wakambeba.

Kigutu kilichubuka, na kwa karibu wiki tano hakuweza kuvaa ule mguu. Nilisafiri kwenda nyumbani nikiwa na hasira na hotuba niliyoitunga njiani. Nilipomkuta amekaa palepale chini ya mwarobaini, hotuba ikaniisha. Nilielewa kwamba kumkataza hakukumzuia kwenda. Kulimfanya aende peke yake, gizani, bila kumuaga mtu.

Jioni ile nilimpigia mtaalamu wa tiba ya kazi niliyewahi kumhoji kwa makala nyingine. Kazi yao ni kumsaidia mtu aliyeumia au mwenye ulemavu kurudi kwenye shughuli zake za kila siku. Nilitarajia aniambie jinsi ya kumshawishi mzee aachane na uvuvi. Badala yake akaniuliza, “Uvuvi una hatua ngapi, na yeye anakwama kwenye ipi?”

Sikujua. Miaka yote niliyokula samaki wa baba sikuwahi kuhesabu.

Nikamuuliza mwenyewe. Akahesabu kwa vidole: kutoka nyumbani hadi kwenye tope, kuvuka tope, kupanda mtumbwi, kuusukuma, kutega na kutegua nyavu, kurudi, kuvuta mtumbwi nchi kavu, kuwatengeneza samaki. Hatua nane. Tope, kupanda na kuvuta ndizo zilizomshinda. Kusukuma kulihitaji kubadilishwa, kwa sababu husukumwa mtu akiwa amesimama. Zile nyingine nne hazihusu mguu. Sisi tulipouza mtumbwi tulimnyang'anya zote nane.

Kaka ni fundi wa kuchomelea, ana karakana Manyoni mjini. Nilimweleza, akakuna kichwa, kisha akaanza kuchora kwa chaki sakafuni. Tulikubaliana mambo matatu: mtumbwi uwe mwepesi, baba avue akiwa amekaa, na apande akiwa kwenye ardhi ngumu.

Mtumbwi ulitengenezwa na seremala wa hapo mjini kwa mbao za paini zinazoletwa kutoka Mafinga. Una urefu wa mita tatu na nusu, upana karibu mita moja, na kitako bapa ili usiyumbe mtu akigeuka. Viungo alivikalafati kwa pamba na lami. Ulipokamilika tuliupima kwenye mizani ya mnunuzi wa alizeti, ukaonyesha kilo 71. Watu wawili wanaunyanyua. Ukiwa na mzee na nyavu zake unazama chini ya maji kiasi cha upana wa kiganja tu, jambo zuri kwa Sulunga ambako maji ni ya kina kifupi.

Kwa upande wa kukaa, tulichukua kiti cha plastiki, tukakikata miguu, tukakifunga kwa bolti katikati ya mtumbwi. Kiti kikiwa chini, mtumbwi unatulia zaidi, na mgongo una pa kuegemea. Kwa mtu aliyekatwa mguu hilo ni muhimu, kwa sababu mwili wake hauna uzito sawa pande zote mbili. Mbele yake kaka aliweka ubao wa kukanyagia ule mguu mzima. Nyavu, kisu, ndoo ya kuchotea maji na kafia vyote vilipangwa mahali mkono unapofika bila yeye kujinyanyua.

Siku hizo nilimwonyesha kwenye simu video za mashindano ya kayaki ya watu wenye ulemavu. Mchezo huo uliingia kwenye Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2016 kule Rio de Janeiro. Wapo wanaoshindana bila miguu kabisa, wamekaa kwenye viti vilivyotengenezwa kwa kufuata miili yao, na vyombo vyao vinakata maji kama mshale. Nilidhani atashangaa mikono yao. Baba alitazama hadi mwisho, akanirudishia simu.

“Wamefikaje majini?” akauliza.

Video haikuonyesha. Nilitafuta nyingine, nazo zinaanza watu wakiwa wameshakaa. Mzee alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwandishi wa afya sikuliona: watu hupenda kuonyesha mtu akiwa majini, ila safari ya kutoka mlangoni hadi majini ndiyo inayoamua kama atavua au hatavua.

Safari hiyo ilitatuliwa na punda. Mama ana punda wa kubebea maji, jike mpole aliyezoea njia zote za kijiji. Kaka alitengeneza kitoroli cha magurudumu mawili ya pikipiki. Ekseli aliikunja katikati ili mtumbwi ukae chini, karibu na ardhi, na magurudumu yabaki nje ya ubavu. Mtumbwi hufungwa kwa mipira ya tairi, kila upande mmoja, na kulabu zake baba anazifikia akiwa amekaa. Wazo lilikuwa apande nyumbani, chini ya mwarobaini, ambako ardhi ni ngumu na kuna kiti cha kuegemea. Punda amvute hadi ndani ya maji. Mtumbwi ukianza kuelea, afungue kulabu, na kijana amrudishe punda na kitoroli.

Mama alipinga. “Huyu punda ni wa maji ya kunywa, si wa maji ya samaki.”

Siku ya kwanza ilionekana mama ana haki. Magurudumu yalizama kwenye tope hadi tukapunguza upepo wa tairi ili zitanuke. Zilipokubali kupita, punda akafika kwenye maji, akasimama. Wahenga walisema punda haendi bila kigongo, lakini huyu na kigongo hakwenda. Mtoto wa kaka, wa darasa la sita, alivuta kamba hadi akaanguka. Baba alikuwa amekaa kwenye mtumbwi juu ya nchi kavu, amevaa jaketi okozi, wachungaji wanacheka. Tukarudi nyumbani hivyo hivyo, baba akipungia watu mkono kama bwana harusi. Siku ya pili punda aligoma tena.

Siku ya tatu mama alitoka jikoni na ndoo ya pumba. Hakusema kitu. Akatangulia mbele, akapandisha kanga hadi magotini, akaingia kwenye maji, akageuka na kumwonyesha punda ile ndoo. Punda akamfuata. Maji yalipofika magotini mwa punda, nikasikia mbao zinalia kidogo, kisha zikanyamaza. Mtumbwi ulikuwa unaelea. Baba akafungua kulabu ya kulia, akafungua ya kushoto, akachukua upondo.

Ule upondo ulikuwa na habari yake. Ulikuwa mrefu kwa mtu aliyesimama. Aliyekaa hawezi kuuinua. Kaka alitaka kumtafutia mti mwingine, lakini baba alikataa, akaomba msumeno. Upondo aliuchonga mwenyewe nikiwa bado sijazaliwa, na aliukata mwenyewe, karibu theluthi nzima, mbele yetu. Hakuna aliyejitolea kumsaidia. Nadhani hata mtaalamu wa tiba ya kazi angetuunga mkono kwa hilo.

Alivua kwa saa mbili, rafiki yake akiwa karibu kwenye mtumbwi mwingine. Alirudi na perege saba na kambale wawili. Kurudi kuna ufundi wake pia. Kitoroli husimamishwa ndani ya maji, na kaka alikichomelea mabomba mawili yanayochomoza juu, yamefungwa vitambaa vyekundu. Baba huelekeza mtumbwi katikati ya mabomba, huyashika, hujivuta hadi ukae juu ya ekseli, kisha hufunga kulabu. Punda huletewa pumba na safari ya nyumbani inaanza.

Tulikubaliana pia masharti, na safari hii tuliyaandika pamoja naye. Haendi peke yake. Jaketi okozi halivuliwi hadi mtumbwi urudi chini ya mwarobaini. Mguu bandia unabaki nyumbani, kwa sababu ukijaa tope na maji utachubua kigutu, na kwenye mtumbwi hauna kazi. Magongo anayabeba, na kwenye ncha zake amepigilia vipande vya tairi, bapa kama makatambuga, ili yasizame. Hali kabla ya kumeza dawa hatoki. Mfukoni ana glukosi, na rafiki yake ameelekezwa kwamba akimwona anatokwa jasho jingi, anatetemeka au anaongea ovyo, ampe kwanza aulize baadaye. Akirudi, mama anakagua kigutu na ule mguu uliobaki, katikati ya vidole na chini ya wayo, anauosha na kuukausha. Na kwa kuwa maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, wavuvi wote wa nyumbani wanapima kila mwaka kituo cha afya.

Nayaandika haya kwa sababu najua kuna familia zinazosoma ukurasa huu zikiwa na mzee, kijana au mama aliyepata kiharusi, ajali au amekatwa kiungo. Kabla ya kuuza cherehani, baiskeli au jembe la kukokotwa na ng'ombe, mwombe ahesabu hatua za kazi yake. Muulize anakwama wapi. Mara nyingi mtakuta panapohitaji fundi ni padogo. Na kama fedha ndiyo kikwazo, kumbukeni kwamba katika asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia mbili ni ya watu wenye ulemavu. Ulizieni ofisi ya maendeleo ya jamii.

Jioni ya siku ile ya tatu, mama akiwa anakaanga perege, nilikaa karibu na baba. Nilikuwa nimebeba neno tangu siku aliyotoka hospitali.

“Baba, nisamehe kwa ule mtumbwi.”

Alikuwa anakwangua tope kwenye magongo yake. Hakuacha.

“Mama, ungeniuliza ningekwambia uza,” akasema. “Ule ulikuwa mzito.”